Dakika Kumi Nyekundu

Binti yangu Oona aliileta kutoka Oulu
imefungwa kama keki, na utepe juu:
ubao mweupe, upana wa sinia,
macho madogo mia moja na ishirini
yanayofumbuka pamoja ukibonyeza.
"Kwa ajili ya uso wako, mama."
Sikujua nishukuru au ninune.

Uso wangu una miaka thelathini na moja ya posta.
Ivalo yote imo humu:
barabara ya uwanja wa ndege,
masanduku ya barua mia mbili na kitu,
upepo unaochapa shavu la kushoto nikienda
na la kulia nikirudi,
ingawa la kushoto, sijui kwa nini, huchapwa zaidi.

Wiki ya kwanza nilikosea yote.
Nilijipaka mafuta mazito,
nikaisogeza taa hadi pua ikaigusa,
nikakaa nusu saa kama mkate ndani ya tanuri,
asubuhi, jioni, na kabla ya kulala tena,
maana nilidhani mwanga ni kama supu:
ukiongeza bakuli, utashiba zaidi.
Nilichoambulia ni ngozi kavu iliyokaza
na macho yaliyoona kijani juu ya theluji.

Ndipo nikakitafuta kijitabu chake
nilichokuwa nimekitia chini ya mguu wa meza.
Herufi kama sisimizi. Miwani. Kahawa.
Kumbe uso huoshwa, hukaushwa, huachwa mtupu,
mafuta yangoje zamu yake baadaye.
Kumbe taa hukaa mbali, shubiri moja na nusu,
na macho hufunikwa.
Dakika kumi, siku tano,
kisha siku mbili za kuiacha ngozi ifikiri.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote:
usitazamie kitu kabla ya wiki nane.
Wiki nane!
Barua ya Australia hufika mapema.

Nikampigia muuguzi Marjut, nikamsomea vidonge vyangu,
kwani vipo vidonge vinavyogombana na mwanga.
"Vyako havina ugomvi," akasema.
"Ila taa haitakurudishia miaka, Raili."
Nikamjibu miaka sijaipoteza,
najua kila mmoja uliko.

Desemba, jua lilipokuwa limetuaga kabisa,
mlango ukagongwa kama wa kuvunjwa.
Urpo, jirani wa mkabala,
soksi tupu ndani ya theluji,
mtungi wa kuzimia moto kifuani kama mtoto mchanga.
Alikuwa ameliona dirisha langu likiwaka.
Nami nimesimama mlangoni, nywele nimezibana,
miwani myeusi usoni, saa ya mayai mkononi,
nyuma yangu jiko zima jekundu.
Tukatazamana.
Saa ikalia.
"Yameiva?" akauliza.

Sikuwa nimecheka hivyo tangu nimzike Kauko.

Siku hizi Urpo huja baada ya taarifa ya habari.
Anaosha uso kwenye sinki langu, kwa sabuni yangu,
anaketi kwenye kile kiti.
Ni kwa ajili ya kovu, anasema,
lile la msumeno, kidevuni.
Kovu halijaondoka.
Urpo anakuja.

Februari, jua likiwa limerudi kwa aibu,
nilijitazama kwenye kioo cha gari la posta.
Mikunjo ya mdomoni ipo, yote, nimeihesabu.
Lakini shavu la kushoto, lile la kwendea,
haliniwashi tena nikinawa,
na wekundu wake umepungua
kama mtu aliyesamehe nusu.
Huenda ni taa.
Huenda ni kule kuketi tu, jioni baada ya jioni,
macho yamefumbwa, mikono mitupu,
mtu mwingine akipumua karibu.
Kijitabu hakisemi.

Nimekirudisha chini ya mguu wa meza.
Meza imetulia.