Laha ya Januari

Saa tisa, Kimilili. Wingu limeshuka kutoka Elgon
likakaa juu ya bati la ofisi ya maziwa.
Nimefungua kitabu kipya, cheupe kama mtindi,
nikaishika laha ya Januari kwa kichupo chake
nikaiambia: hamia hapa. Ikahamia.

Ikaja na mistari yake, na kijani kile
alichokipenda marehemu Wekhomo,
na wakulima wote mia moja na arobaini.
Ila palipokuwa na shilingi
pamejaa #REF!, #REF!, safu nzima,
kama majogoo waliosahau saa.

Nililaumu stima. Halafu kompyuta.
Halafu Khaemba, aliyekuwa akinywa chai tu.
"Umebonyeza nini?"
Kilekile cha kila siku.

Kweli, kabla ya hapo kidirisha kilichomoza:
jina "bei" lipo tayari, nitumie hilo?
Nikajibu ndiyo. Kikauliza jingine. Ndiyo.
Mara kumi na saba, ndiyo,
kama shahidi anayetaka kwenda nyumbani.

Basi nikabofya kisanduku cha Nafuna, mstari wa sitini na mbili,
nikasoma kilicho chini ya kelele:
lita zake mara bei. Na bei haiko hapa.
Iko kwenye laha nyingine, ya kitabu cha zamani,
katika flashi ambayo hakuna aliyeichomeka tangu mazishi.
Muda wote huo laha hii ilikuwa kama mwali aliyeolewa juzi,
anayemtuma mtoto kwa mamake kuomba chumvi,
nasi tukila, tukidhani jiko linajitegemea.

Khaemba akasema: bandika thamani tu, achana na fomula.
Nikajaribu kwenye nakala.
Kosa likageuka jiwe.

Flashi ilikuwa kwenye droo, ndani ya bahasha ya risiti,
pamoja na peremende moja ya mnanaa iliyoyeyuka.
Laha ya bei alikuwa ameificha. Nikaifichua.
Nikazishika zote mbili, hii na ile,
nikazihamisha kwa safari moja.
Wanaoazimana hawahamishwi mmoja mmoja.

Majogoo wakanyamaza.
Mstari wa sitini na mbili: lita mia mbili na kumi na mbili,
shilingi elfu tisa, mia saba hamsini na mbili.
Khaemba akapiga meza, chai ikamwagika.

Nikamwita Nafuna, aliyekuwa amekaa kizingitini
na mtungi mtupu katikati ya miguu.
Akasikiliza hesabu mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.
"Mimi huandika kwa mkaa nyuma ya mlango.
Mlango wangu unasema kumi na tatu."

Nikavuta kiti tena.
Nikaanza kutafuta, kisanduku kwa kisanduku,
siku moja ya Januari iliyonyesha sana.