Barua ya Kujieleza

Kwa Bwana Ngimbudzi, Msimamizi, Mizani ya Makambako.
Yah: salamu iliyotolewa dirisha namba mbili, usiku wa kuamkia Idi.

Bwana,
mizani haina dini, nakubali.
Sahani ya chuma haiulizi
kama semi inapeleka mbao za Mafinga au misahafu ya Tunduma.
Ekseli ni ekseli,
na ukungu wetu unalowesha wote sawasawa,
mwenye kofia ya mshono na mwenye rozari kwenye kioo.

Waraka wako niliusoma. Niliubandika mwenyewe
kwa ugali wa mchana, maana ofisi haina gundi:
"Mtumishi asitoe wala asipokee
salamu ya sikukuu akiwa zamu."
Na chanzo chake nakijua kuliko wewe.
Desemba ile "Heri ya Krismasi" ilikuwa ikipenya dirishani
imekunjwa mara nne ndani ya leseni,
na sisi tukiwauliza madereva,
"Sikukuu yangu iko wapi?"
kana kwamba Mtoto alizaliwa horini
ili sisi tupate cha kudai.
Leseni moja niliifungua mimi.
Nilinunua mchele wa Kyela, kilo tano.
Watoto walikula wakasifu. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Kwa hiyo nilinyamaza.
Pasaka ikapita kwa ishara za kidole:
panda, simama, shuka.
Bi Mwanakheri, muuza chai wa hapo nje, akaniambia,
"Siku hizi mnafanana na hilo chuma lenu."

Sasa usiku ule.
Unajua mwezi wa huku hauandami, Bwana,
unasikika redioni.
Mbingu ilikuwa blanketi lililolowa.
Madereva walisimama kando ya lami, macho magharibi,
hawaoni hata taa ya mlingoti,
mpaka redio ya Bi Mwanakheri ikasema umeonekana,
sijui wapi, kwa watu wenye mbingu.
Wakacheka, wakakumbatiana,
mvuke unawatoka vinywani.

Saa nne na dakika sita likapanda gari la saruji.
Dereva, Swalehe Shundi, mtu wa Pangani,
miaka kumi na tisa anapita hapa;
kila Krismasi hunisalimu kabla ya mchungaji wangu.
Ekseli ya tatu: imezidi kilo mia mbili na themanini.
Nikaandika faini. Akaisoma, akasaini, hakubembeleza.
Kisha akainama dirishani:
"Mwanangu, na mkono wa Idi?"

Nikautazama waraka. Kona moja ilikuwa imebanduka.
Nikapandisha mikono ya sweta hadi viwikoni,
kamera ione,
nikaitoa yote miwili nje, mitupu, kwenye baridi.
"Idi njema, mzee."
Viganja vyake vilinuka dizeli na tangawizi.
Kwa mazoea nikageukia kioo cha namba:
haikuyumba hata kilo moja.

Akauliza jina langu maana yake nini,
miaka yote hiyo analisoma kifuani pangu.
Lutengano, nikamwambia. Kwa Kinyakyusa, amani.
"Kumbe kukuita tu ni kukusalimu," akasema,
akaondoka, faini mfukoni,
taa zake nyekundu zikamezwa na ukungu kabla hazijafika kona.

Hayo ndiyo maelezo.
Nakala ya risiti ya faini nimeambatanisha.
Ya salamu sina.
Siku za mshahara kata uonavyo.
Ila ukipanga ratiba ya Desemba
naomba usiku wa tarehe ishirini na nne,
dirisha lilelile, mikono ya sweta juu.
Kuna deni la kilo tano sijalimaliza.

Wako mtiifu,
Lutengano Mwakyambiki,
mpima uzito.