Bega la Kulia

Lilianza bega.
La kulia, nikamwambia daktari, na mama pembeni
akanong'ona: kulia upande, au kulia machozi?
Nikacheka. Kicheko kikanichoma hadi shingoni.

Wa kwanza, kituo cha afya cha Mabela, akasema ni madaftari:
mwalimu hubeba madaftari arobaini, bega nalo lina haki yake.
Akaandika dawa ya kuchua.
Wa pili akashuku kifua kikuu, akanidunga mkononi,
nikangoja siku tatu uvimbe usiokuja.
Wa tatu akanipa pampu ya pumu.
Wa nne, kijana, hakubandua macho kwenye kompyuta:
una wasiwasi? unaishi na nani?
Nikamjibu kwa Kiarabu, sina nafas, yaani pumzi.
Kwetu nyumbani neno hilo ni nafasi.
Hata hiyo sikuwa nayo.

Shangazi Shuweikha hakupoteza muda na vipimo.
Akaleta kombe la zafarani, akaleta mafuta ya karafuu,
akanipeleka Bahla kuumikwa, chuku saba mgongoni,
damu nzito nyeusi. Ndiyo hii, akasema, iliyokuwa ikikusumbua.
Karibu apatie.
Damu ilikuwa. Ila si ile.

Tumbo langu, ujue, lilikuwa tumbo la adabu.
Dada zangu walijikunja kila mwezi na chupa ya maji ya moto;
mimi nilikaa nikasahihisha insha.
Basi nani angeuliza?
Mwanamke hajaolewa, daktari mwanamume, mama yumo chumbani:
swali lilifika mlangoni mara ngapi sijui,
likavua viatu, likaona haya,
likavaa tena likaenda zake.

Novemba, mbele ya ubao, katikati ya neno,
kalamu ikanitoka.
Picha ikaonyesha pafu limesinyaa
kama puto siku ya tatu ya Idi.
Wakapitisha mpira ubavuni, hewa ikabubujika ndani ya chupa.
Januari tena.
Machi tena.
Hutokea, wakasema, kwa watu warefu wembamba.
Mimi mfupi, na pilau ya mama sijawahi kuikataa.

Aliyeuliza alikuwa mpiga eksirei,
mwanamke wa Kerala, jina lake Jinsi.
Naapa. Jinsi.
Hakuniuliza kwa ajili ya bega. Aliuliza kama awaulizavyo wote
kabla ya kuwasha mashine yake: una mimba? siku zako lini?
Leo, nikasema.
Akasimama na kidole juu ya kitufe.
"Mara ile umesema leo," kwa Kiarabu chake cha vipandevipande.
"Na ile nyingine. Leo, leo, leo. Kwa nini?"

Usiku nikafungua daftari la deni,
lile la siku nilizokula Ramadhani, nije nizilipe.
Ramadhani nne: sita, tano, saba, sita.
Nikatandaza kando yake stakabadhi za duka la dawa.
Mama akavaa miwani, akatazama muda mrefu,
akasema tu, "Ewe Mola."

Daktari Thureya alinionyesha picha baada ya upasuaji.
Kiwambo, ukuta wa nyama kati ya tumbo na mapafu:
madoa ya rangi ya zambarau, na matundu,
kama kanga iliyosahauliwa sandukuni na nondo.
Nyama mfano wa ile ya ndani ya kizazi, akasema,
mpangaji aliyepanda ghorofa isiyo yake,
na kila mwezi anavuja huko huko juu.
Endometriosisi. Nikalitamka mara tatu, silabi kwa silabi,
kama ninavyowatamkisha watoto.
"Nami," akasema, "ningekuuliza la tumbo.
Ungenijibu haliumi. Ningekuandikia dawa ya kuchua."

Sasa nachomwa sindano inayozuia damu.
Joto la ndani hukutana na la Mabela, najipepea na insha za watu.
Mwaka huu nimefunga zote thelathini,
daftari la deni halina kitu,
nami kila mwandamo naamka kabla ya adhana,
nakaa kitandani, navuta pumzi, naishika,
nalisikiliza bega.