Risiti Namba 4417

Wanafungua Jumanne na Alhamisi tu,
saa tatu mpaka saa saba,
na umeme ukikatika wanafunga mapema,
maana negativu haziliwezi joto la Dar:
zinatoka jasho, zinajikunja, zinanuka siki.
Haya kaniambia Bi. Shamimu Lukindo kwa simu,
sauti kavu kama bahasha ya kaki.
"Kalamu ya wino usije nayo. Penseli.
Mafuta ya mikono siku hiyo usipake.
Na barua, dada. Barua yenye mhuri."

Barua ninayo. Mkuu wa idara,
mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili,
ametia saini huku akiongea na mtu mwingine.
Inasema nachunguza mapazia ya studio za Kariakoo
miaka ya sitini na sabini:
maporomoko yaliyochorwa kwa rangi ya nyumba,
ndege yenye bawa moja,
ngazi inayopanda mpaka ukutani, ikaishia hapo.
Si uongo. Nayachunguza kweli.
Nina sura mbili na tanbihi sitini na nane.

Ila kwenye fomu kuna mstari, "Sababu ya utafiti",
umeachiwa nafasi ya kidole kimoja,
na mimi tangu Ijumaa nanoa penseli.

Niandike nini? Kwamba ndani ya sanduku la cherehani,
chini ya bobini na vipande vya chaki,
nilikuta risiti ya Studio Nuru, Mtaa wa Narung'ombe,
kopi tatu, saizi ya posta,
"kalipa shilingi sita, salio shilingi mbili",
na jina la mama kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Sikudhani. Basi. Bila la baba,
kana kwamba mji mzima ulikuwa na Sikudhani mmoja.

Picha hakwenda kuichukua.
Labda shilingi mbili zilikwenda kwenye mafuta ya taa.
Labda zilikuja kwangu; kwa tarehe ile
nilikuwa tumboni, mwezi wa tano.

Nyumbani hatuna picha yake hata moja.
Shangazi Tabu husema nina mwendo wake,
mjomba husema hapana, ukaidi tu.
Mwendo hautiwi kwenye fremu.

"Maboksi ya elfu nne yapo," kasema Bi. Shamimu,
"ila siahidi. Maji ya mwaka ule yalifika rafu ya pili."
Sikumuuliza elfu nne iko rafu ya ngapi.
Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Na kama ipo?
Kwenye negativu weusi hugeuka weupe, hilo nalijua.
Meno yatakuwa meusi,
gauni, kama alivaa jeupe, litakuwa kaniki,
na nywele zake
alizozikwa nazo nyeusi tii, miaka ishirini na tisa,
zitakuwa nyeupe pe.
Juu ya meza ile ya taa, dakika moja hivi,
nitamwona amezeeka.

Iwe Alhamisi, basi. Jumanne wametangaza mvua
na mwavuli wangu umevunjika ubavu.
Kwenye fomu niliandika: Kulipa salio.
Nikafuta. Nikaandika: Mapazia.
Ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani
ile ya kwanza bado inasomeka.