Kwa Posta

Raundi ya nne, meza ya kumi na saba.
Nje theluji inapukutika juu ya reli za Liepaja,
reli za tramu ninayoiendesha siku za kazi.
Leo nimevaa koti la harusi ya kaka yangu.
Mbele yangu kaketi Vendija, miaka kumi na mitatu,
chupa ya juisi, penseli mbili zimechongwa kama mikuki.

Askari wake wa mfalme, miraba miwili. Wangu vilevile.
Farasi wake akaruka, akamtishia wangu.
Nami, badala ya kumlinda, nikamsukuma jirani yake,
kama mtu afunguaye madirisha nyumba ikiungua.

Meza ya pili mtu akaguna.
Ufunguzi huu ni wa kwetu, una jina letu,
na kompyuta zote zimeshauandikia cheti cha kifo.

Mama aliucheza kwa posta.
Kadi moja, hatua moja, wiki tatu mpaka Omsk na kurudi.
Ubao ulikaa juu ya friji; alikoroga supu akiutazama.
Maji ukiyavulia nguo, alisema, yaoge,
hata yakiwa ya Baltiki,
hata Januari.

Malkia wangu akatoka mapema, bila adabu,
akameza askari, akameza ngome ya pembeni.
Mfalme wangu kafukuzwa kitandani, pekupeku.
Wake pia. Wafalme wawili wasio na paa
wanatazamana kama wapangaji waliofungiwa nje.

Hatua ya kumi na mbili.
Kadi ya mwisho ya Mama haikutumwa:
imeandikwa, stempu imebandikwa,
asubuhi ile hakuamka.
Askofu, ukingoni, mahali pasipomwita mtu.
Nikamweka pale. Nikabonyeza saa.

Vendija akaisahau juisi.
Dakika kumi. Ishirini. Masikio yakamwiva.
Arobaini na moja. Nilizihesabu,
na sijawahi kushinda kitu kilichokuwa changu
kama zile dakika.

Kisha akaona.
Farasi, hatua moja nyuma, kimyakimya,
na malkia wangu kule pembeni, kashiba,
hana njia ya kurudi nyumbani.

Nikamlaza mfalme. Mkono wake ulikuwa baridi.
"Yule askofu," akauliza, "umemtoa kitabu gani?"
Nikamwambia alikuja kwa posta.
Akacheka kidogo, akidhani ni utani,
lakini akaandika kitu
ukingoni mwa karatasi yake.