Bei ya Kilema

Dungusi zima, lililosimama wima kama askari wa gwaride,
baba alilipata kwa bei ya mkate mmoja.
Lenye kilema lilimla mshahara wa mwezi.
Mama Drahuše alifungua kabati, akahesabu makopo ya unga,
akahesabu tena,
kisha akauliza, "Ctibor, tutachemsha miiba?"

Baba alikuwa mgeuza reli pale Břeclav.
Miaka ishirini na sita, mkono kwenye wenzo:
hili liende Viena, hili liende Brno,
yeye mwenyewe asiende popote.
Aliniinamisha juu ya chungu, akanionyesha kwa ncha ya penseli:
"Kila dungusi lina nukta moja ya kuotea, hapa utosini.
Hili, siku moja, hakuna ajuaye kwa nini,
nukta ilivutika ikawa mstari.
Halina tena kilele. Lina reli tu."
Nikatazama: undu wa jogoo,
utumbo wa kijani unaotafuta pa kupita,
ukajigonga, ukajikunja, ukajipanda mgongoni.

Mbegu zilikuja kwa barua kutoka Japani
ndani ya karatasi iliyokunjwa kama shati la mtoto,
bahasha imefunguliwa njiani
na kubandikwa tena kwa gundi isiyo yake.
Mia mbili akazipanda. Zilizoota zikaota kijani,
adabu tupu,
ila moja. Hiyo ikatoka nyekundu, nyekundu ya kidonda,
bila chembe ya umbijani:
ilizaliwa na njaa, haikuzaliwa na jiko.
Baba akausafisha wembe kwa spiriti,
akakata shingo ya dungusi la kijani, lile la bei ya mkate,
akaliketisha jekundu juu yake, pete ya mishipa juu ya pete ya mishipa,
akafunga kwa uzi wa mpira alioufumua kwenye soksi ya mama.
Tulipumulia pembeni tusilipeperushe.

Wageni wa Jumapili walilisifu jekundu.
Hakuna aliyeuliza habari za anayelisha.
Mama alipita nyuma yao na ndoo ya makaa.

Usiku mmoja wa Januari umeme ulikatika.
Vioo vya banda vikaota manyoya meupe upande wa ndani.
Tulibeba vyungu, sote watatu, tukizama thelujini hadi magotini,
vingine bafuni, vingine kitandani kwangu,
kimoja juu ya redio.
Mama, aliyekuwa ameapa hatayagusa,
aliingia mwisho, koti limefungwa vifungo vyote,
jekundu kifuani, kidevu kimejaa miiba.
Akasema tu, "Fungeni mlango, baridi."

Sasa baba hayupo. Bwana Hanzlík wa Ostrava
amepiga simu mara nne, anataka lile lenye undu,
anataja bei ambayo siwezi kumwambia jirani.
Nilipoingia bandani kulipiga picha
nikakuta ubavuni limechipua tawi moja
mviringo, lililonyooka, lenye utosi wake.
Daftari la baba lina neno kuhusu hilo, kwa penseli:
*Likipata akili, kata upesi.
Lililonyooka hukua mbio, litalimeza jingine.*

Nilikata. Mkono haukutetemeka; ulitetemeka baadaye,
nilipokuwa naosha wembe.
Lile tawi sikulitupa. Nililiacha likauke jeraha wiki mbili,
nikalipanda katika kikombe kilichovunjika mkono,
nikampelekea mama kwenye makao ya wazee.
"Ni moja ya yale?" aliuliza.
"Hapana, mama. Hili ni zima."
"Afadhali," akasema, akaliweka dirishani.

Kila nikienda ananipa taarifa:
limeongezeka upana wa kucha, halipindi, halina matata.
Ananiambia hayo akitazama nje,
na kidole chake, polepole, katikati ya miiba,
kinapapasa utosini,
kinatafuta pale ambapo reli ingeanzia.