Madaftari Mawili

Barisal, 1956

Baba alipanga herufi za risasi miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha chapa cha Bwana Tofazzal,
akizisoma kinyumenyume, kama mtu anayerudi nyumbani.
Serikali mpya ilipoleta orodha za wapiga kura
zilikuja mafurushi mawili, kamba mbili:
daftari la Waislamu, nene kama tofali,
na daftari la sisi wengine.
Jina lake alilipanga kwa mkono wake,
Rasbihari Halder, mpanga herufi,
katika kitabu chembamba.
Alisema wino ulikuwa uleule.

Usiku, baba mdogo Nishikanta, kiganja kimejaa wali:
"Tubaki na sanduku letu.
Chungu kimoja, wanne watie chumvi, mmoja atie sukari,
kisha uniambie umeonja sukari.
Wakituchagulia wao, watatuchagulia Mhindu wa kuitikia,
ua la karatasi la kupamba jukwaa.
Maisha yangu yote nimeketi chini,
hata kwenye harusi za Wahindu wenzangu.
Leo nimepata kigoda, nanyi mwaniambia nisimame?"

Baba hakujibu haraka.
Alikuwa mtu wa kupima nafasi kati ya maneno.
"Kumbuka daraja," akasema.

Nani asiyelikumbuka.
Mwaka wa uchaguzi, wakili Eklasuddin, mgombea wa kwao,
alikuja na mafundi na mianzi mibichi,
akalijenga upya daraja la mfereji kutoka upande wa msikiti
hadi katikati ya maji.
Hapo kura zake ziliishia.
Mgombea wetu alitujia na hotuba; mianzi hakuwa nayo.
Likabaki hivyo, jipya na bovu,
na mama, mtungi kiunoni,
alivuka nusu yetu akinyata
na kupumua alipofika nusu isiyo yetu.

"Si mwovu yule wakili," baba alisema. "Alinisalimu vizuri.
Ila asiyehitaji kura yako
halijui shimo la mlangoni pako."
"Na anayeihitaji," Nishikanta akajibu, "ataijua bei yake."

Bwana Tofazzal akapita na taa yake,
akakataa kuketi, kisha akaketi.
Yeye alitaka daftari moja.
"Daktari wenu Promothesh alimtoa mwanangu kaburini.
Nataka kumpigia kura, sheria yasema si wa kwangu.
Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa."
Baba mdogo akavitazama vidole vyake kumi,
vya mafuta, vya punje za wali:
"Nijulishe kwanza chawa ni nani."
Wakacheka.
Halafu hapakuwa na anayecheka.

Ndipo mama akauliza kutoka mlangoni:
"Na mimi nimo katika lipi?"
Baba akaleta karatasi ya majaribio.
Namba mia nne na kumi na moja: Mke wa Rasbihari Halder.
"Hilo," mama akasema, "si jina."
Akarudi jikoni. Sufuria zikamaliza hoja yake.

Bunge lilibishana hadi likaamua:
upande wetu wa nchi, daftari moja.
Baba alizirudisha herufi za kichwa cha daftari letu
visandukuni mwao, moja moja.
Zitafaa, alisema, kwa maneno mengine.
Na katika orodha mpya, bila kuagizwa na mtu,
alipanga: Shoilobala Halder.
Mama alilishika lile jina kwa kidole chenye unga,
likabaki na alama.

Kura yenyewe haikuja.
Wanajeshi walisema redioni kwamba tupumzike.
Madaftari yaliuzwa kwa ratili,
na msimu wa baridi, kando ya gati,
nilinunua karanga ndani ya ukurasa wa N:
Nishikanta Halder, na chini yake
Nizamuddin fulani, tusiyemjua,
jirani kwa alfabeti tu,
wamekunjwa pamoja mkononi mwangu.
Karanga zilikuwa za chumvi.